Kemo (dawa za saratani) ya titi: dripu ya pili ni Jumanne, mlipunguzaje kutapika na vidonda vya mdomo?

BintiKigamboni: Shikamooni wakubwa. Uvimbe wangu wa titi uligundulika mapema, upasuaji tayari. Nimepangiwa dripu nne za ile dawa nyekundu (doksorubisini) na saiklofosfamaidi, kisha zifuate za paklitakseli, dawa nyingine ya kemo. Ya kwanza nilitapika siku tatu. Siku ya nane mdomo ukajaa vidonda, hata uji wa baridi unachoma. Wifi kaniletea unga wa mlonge na mwarobaini, eti vinasafisha damu. Naogopa Jumanne. Mliopita huku, nisaidieni.

MamaWawili: Pole mdogo wangu. Mimi nilikuwa nabania ondansetroni, kidonge cha kuzuia kutapika, kwa ajili ya bei, nameza nikishaanza kutapika. Kinatoka nacho! Kinamezwa kabla, kwa saa ulizoandikiwa. Mwambie daktari ulitapika siku tatu, usione aibu. Anaweza kukuongezea olanzapini, nayo huzuia kichefuchefu. Deksa (deksamethasoni, nayo ya kuzuia kutapika) meza asubuhi, ukimeza jioni utahesabu mabati usiku kucha. Na wakikaanga vitunguu, wewe hamia uani.

NesiMstaafu: Chembe nyeupe za damu, zile za kinga, hushuka zaidi kati ya siku ya 7 na ya 14. Nunua kipimajoto leo. Kikisoma 38, ni hospitali, hata iwe saa nane usiku. Usitangulize panadol, itaficha homa. Mdomo: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji vuguvugu, sukutua mara nne au tano kwa siku. Mswaki uwe laini, dawa ya kusukutua yenye alkoholi acha. Mkojo ukiwa mwekundu siku moja mbili, ni rangi ya dawa tu.

Msukuma_Halisi: Mlonge weka kabatini hadi daktari aseme. Miti mingine inagombana na kemo humo humo kwenye ini. Wifi mwombe supu ya sato, na yeye apate la kufanya.

BintiKigamboni: 😂 Nitamwambia. Kipimajoto nimeshaagiza. Hiyo paklitakseli nayo ikoje?

MamaWawili: Kutapika kunapungua, zamu ya vidole kufa ganzi. Kupunguza hiyo ganzi, mimi nilishika chupa za barafu zilizofungwa kwa kanga dripu ikiingia, manesi waliruhusu. Kucha zilinitoka mbili tu. Ukianza kushindwa kufunga vifungo vya blauzi, sema hapo hapo, dozi hupunguzwa. Mimi nilinyamaza, hadi leo sindano inanishinda kutunga uzi.