Naomba ushauri: mama ana vidoti vya damu kwenye ubongo

Habari zenu wakuu. Mama yangu ana miaka 74. Wiki iliyopita alipigwa MRI, daktari akanionyesha kwenye picha vidoti vyeusi, vidogo kama punje za ufuta, vyote pembezoni mwa ubongo. Akasema ni damu iliyovuja kidogo kidogo: protini ya amiloidi imejikusanya kwenye kuta za mishipa midogo, ikaidhoofisha. Ingekuwa presha, vingi vingekaa ndani zaidi.

Kinachoninyima usingizi ni aspirini. Anakunywa kila siku tangu 2019 kwa ajili ya moyo, na inaweza kuongeza hatari ya kuvuja. Tukiacha, moyo je? Keshokutwa tunarudi kliniki. Mliouguza mzazi mwenye hali hii, daktari wa moyo na wa ubongo mliwakutanishaje?