Mwakilishi wadi ametutumia taarifa ya bajeti. Tumuulize nini Jumamosi?

Mama Cherehani

Hamjambo wenzangu. Mimi ni mkazi wa wadi moja huku Eastlands, Nairobi, nina kibanda cha ushonaji kando ya barabara ya kuingia sokoni. Wiki hii mwakilishi wadi wetu ametuma taarifa ndefu kwenye kikundi cha wakazi. Anasema bajeti ya kaunti imepita, na sisi tumepata mtaro na barabara ya soko, taa za mulika mwizi, darasa la chekechea, na basari. Ametualika mkutano Jumamosi saa nne asubuhi, uwanja wa shule.

Namshukuru kwa kuandika. Wengine huwasikii hadi kura zikaribie. Lakini mtaro huu ulikuwa kwenye taarifa ya mwaka jana pia, maneno yale yale. Mvua ikinyesha, maji yananiingilia na magunzi ya mahindi, nepi, mifuko ya mkaa. Cherehani nimeipandisha juu ya matofali, nguo za wateja nazitundika karibu na mabati. Mafuriko ya Aprili 2024 yaliondoka na sare za shule ambazo watu walikuwa wamekwisha nilipia.

Sitaki kwenda kupiga kelele. Nataka swali ambalo hawezi kulizunguka. Mnaojua mambo ya kaunti, nisaidieni.

Karani Mstaafu

Mama, umeuliza vizuri. Kazi yangu kabla ya kustaafu ilikuwa vocha za malipo ya serikali, kwa hivyo hili jambo linanikera kila mwaka.

Bunge la kaunti hupitisha makadirio ya bajeti kufikia 30 Juni, mwaka wa fedha unaanza 1 Julai. Kilichopo siku hiyo ni ruhusa ya kutumia, hela zenyewe bado. Hela zinatoka hasa pande mbili: mgao wa Hazina ya Kitaifa, na zile kaunti inajikusanyia kwa maegesho ya magari, kodi za ardhi na leseni za biashara kama hiyo yako. Mgao ukichelewa au makusanyo yakipungua, mishahara ndiyo hushughulikiwa kwanza na mitaro inangoja. Hata hela zikiingia, hakuna shilingi inayotoka kwenye Mfuko wa Mapato wa Kaunti bila idhini ya Msimamizi wa Bajeti, afisa wa kitaifa anayechunga matumizi ya pesa za umma. Baada ya hapo kuna zabuni, kuna mwanakandarasi, kuna mkaguzi wa kazi, ndipo malipo. Na ripoti za Msimamizi wa Bajeti zimekuwa zikiitaja Nairobi kuwa kaunti yenye malimbikizo makubwa zaidi ya madeni. Mwanakandarasi anayedai kazi ya zamani hana haraka ya kuwaletea tingatinga.

30 Juni ikifika pesa hazijatumika, ruhusa hiyo inaisha. Mradi unarudishwa kwenye bajeti inayofuata. Ndiyo sababu unausoma tena.

Sasa swali. Ukimwambia "tujengee mtaro", atakuahidi, na ahadi haina gharama. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, kifungu cha 9, inamkataza mwakilishi wadi kufanya kazi za utendaji. Hajengi, halipi. Kazi yake ni kutuwakilisha, kutunga sheria na kusimamia wanaojenga na kulipa. Kwa hivyo muulize kazi yake: "Mheshimiwa, mwaka jana mtaro huu ulitengewa shilingi ngapi, zikatumika ngapi, na ulipoona haujengwi uliomba taarifa rasmi bungeni lini, ukajibiwa nini?" Maneno ya bunge la kaunti hunakiliwa kwenye Hansard, yaani kumbukumbu rasmi za bunge. Kama aliuliza, atakuonyesha ukurasa. Kama hakuuliza, umati mzima utakuwa umesikia.

Ongeza moja dogo: mradi uko chini ya idara ya barabara ya kaunti au hazina ya maendeleo ya wadi? Bila hilo hamtajua mlango wa kubisha.

Omosh wa Stage

Na hakikisheni kwanza barabara yenyewe ni ya nani. Kwetu tulihangaisha mwakilishi wadi kwa mashimo ya barabara kubwa, kumbe iko chini ya KURA, mamlaka ya barabara za mijini, ambayo ni ya serikali kuu.

Basari pia chunguzeni. Kuna ya kaunti, na kuna ya NG-CDF, hazina ya maendeleo ya serikali kuu iliyo chini ya eneo bunge. Wazazi wanajaza fomu moja wakidhani wamemaliza. Mapema 2025 Msimamizi wa Bajeti alizitaka kaunti ziwe na makubaliano na serikali kuu kabla ya kutoa basari, kwa sababu sekondari si jukumu la kaunti, na jambo hilo likafika kortini. Mwambieni aseme wazi pesa za watoto zitatoka mfuko gani na fomu zinarudishwa lini. Muhula haungoji.

Mama Cherehani

Asante sana mzee, asante Omosh. Barabara ni ya kaunti, ubao wa zamani bado umesimama pale. Na akisema hizo takwimu hana mkononi?

Karani Mstaafu

Basi ziombe kwa maandishi. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu, na hulazimiki kueleza unazitakia nini. Andika kwa Kiswahili, sheria imetaja Kiswahili waziwazi. Wana siku 21 za kukujibu. Wakikunyima, peleka malalamiko kwa afisi ya Ombudsman, inayoshughulikia malalamiko ya wananchi dhidi ya afisi za serikali. Omba vitu vitatu tu: kiasi kilichotengwa, jina la mwanakandarasi, na malipo yaliyofanywa. Barua ndefu hujibiwa nusu.

Tena usingoje mwaka uishe. Mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata hupelekwa bungeni kufikia 1 Septemba. Mradi usiokuwa humo una kazi ngumu kuingia bajeti ya baadaye. Huu mwezi na ujao ndio wa kuwabana.

Mama Cherehani

Nimeanza kuandika. Muuza viatu wa jirani na akina mama wa mboga watatia sahihi pamoja nami. Nimwelekezee nani pale City Hall, makao makuu ya kaunti?

Karani Mstaafu

Katibu wa Kaunti. Nenda na nakala mbili, moja ipigwe muhuri na tarehe mbele yako, urudi nayo nyumbani. Siku 21 zinahesabiwa kuanzia muhuri huo.