Kupima theluji mawinguni: ndege mbili za nini wakati satelaiti ipo?

baridi_kali
Wakuu habari zenu. Niko Boston, utabiri ukisema kesho inchi kumi za theluji mara nyingi tunaambulia unga tu, mji wa jirani ndo unafukiwa. Nasikia NASA walirusha ndege mbili kwa mpigo kwenye dhoruba hizi. Si rada na satelaiti zipo jamani?

fundi_rada
Mradi unaitwa IMPACTS mkuu, misimu ya 2020, 2022 na 2023. Ndege ya kwanza, ER-2, inapita juu ya wingu kabisa, kilomita kama 20, rubani peke yake kavaa suti kama ya mwanaanga, inamulika chini kwa rada na laida (kama rada ila inatumia mwanga wa leza). Ya pili ni P-3, ya pangaboi nne, hiyo inazama humohumo ndani, na wanajitahidi zipite mstari mmoja ili walichoona kwenye rada walinganishe na chembe zenyewe za theluji. Theluji huwa inajipanga mikanda, ukanda mwembamba unamwaga balaa pembeni hamna kitu, ndo hicho kinachowakuta nyie.

baridi_kali
Sasa rada peke yake haitoshi?

fundi_rada
Haitoshi, chembe kubwa chache zinaweza kurudisha mwangwi uleule wa ndogo kibao. Ndo maana ER-2 inabeba rada za masafa (frikwensi, si umbali) tofauti, ya gigahezi 9.6 wimbi lake ni sentimita 3 hivi, ya 94 ni milimita 3 tu. Chembe zikishikana zikawa kubwa ile ya 94 mwangwi wake unafifia ukilinganisha na mwenzake, ukiona pengo hilo unajua hapa kuna mapande. Satelaiti ya GPM, ya kupima mvua na theluji, iliyorushwa 2014, nayo ina masafa mawili, ila inapita mara moja inaondoka zake, dhoruba haimsubiri mtu.

Mama Zuu
Ongeza na tabu ya P-3. Ndege inakwenda kasi, chembe ikigonga ncha ya kifaa cha kupiga picha inapasuka na vile vipande vinahesabiwa kama chembe halali, basi wingu linaonekana lina barafu ndogondogo nyingi kuliko ukweli. Ncha wakazichonga upya, na kwenye programu wanatupa chembe zinazofuatana karibu mno. Na msidhani chini ndo kuna jibu la uhakika, upepo unapeperusha theluji inapita juu ya mdomo wa kipimo cha theluji kilichoko ardhini, kinachoingia ni pungufu, kwa hiyo hata mizani ya kuikagua ndege yenyewe ina kasoro.