Dua ya Bi Ummu Salama: nusu ya pili inanikwama

MamaYusra (Majengo, Pumwani):
Assalaamu alaykum ndugu zangu. Jumanne nimemaliza eda, miezi minne na siku kumi. Mume wangu alikuwa akiuza viatu vya mitumba sokoni Gikomba, na tumemlaza makaburini Kariokor. Usiku wa kwanza wa matanga shangazi alinishika mkono akanisomesha dua aliyoisoma Bi Ummu Salama (r.a.) alipofiwa na Abu Salama: Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un, Allahumma'jurni fi musibati, wa akhlif li khayran minha. Yaani sisi ni wa Allah na kwake tutarejea, ee Allah nilipe kwa msiba wangu, na unibadilishie kilicho bora.

Mwanzo wake nausema, hata nikiwa napepeta mchele. Nikifika hapo pa "unibadilishie kilicho bora", ulimi unakataa. Bora kipi? Huyu mtu alitoka nyumbani saa kumi alfajiri miaka 14 kuwahi marobota yakifunguliwa, na kila siku aliniachia chai kwenye chupa ili nikiamka kuswali nisianze kuhangaika na jiko. Nikiimaliza dua naona kama namwambia hukunitosha. Na kaka yangu ameshaanza kuletewa maneno ya posa.

Bi Ummu Salama mwenyewe aliisemaje? Na hiyo "bora" ni lazima iwe mume?

Talibu_Eastleigh:
Wa alaykumu salaam. Pole sana dada, Allah amrehemu marehemu. Angalia lile "minha". Ile "ha" ni ya kike, inarudi kwenye "musiba", ambalo kwa Kiarabu ni neno la kike. Ingemrudia mume ingekuwa "minhu". Kwa hiyo huombi mtu anayemshinda mumeo. Unaomba kheri inayouzidi huu msiba. Hadithi yenyewe imo katika Sahih Muslim.

MwalimuWaDarsa:
Talibu mwanangu, sarufi yako haina kasoro. Lakini Bi Ummu Salama alikuwa Mkureshi wa ukoo wa Makhzum, Kiarabu alikinyonya kwa mamake, na bado ilimkwama. Amesimulia mwenyewe kwamba alijiuliza: ni Muislamu gani aliye bora kuliko Abu Salama? Halafu akaisema hivyo hivyo, na swali lake likiwa kifuani. Mama Yusra, hapo ulipokwama ndipo naye alipokwama.

Tena mjue huyo Abu Salama alikuwa nani kwake. Walihama pamoja kwenda Uhabeshi. Walipotaka kuhamia Madina, jamaa za mke wakamshika ngamia, wakasema binti yetu haendi. Jamaa za mume wakasema basi na mtoto ni wetu, wakavutana naye mpaka mkono wake ukateguka. Mume Madina, mtoto kwa watu wengine, na yeye kila asubuhi anatoka kwenda Abtah, bonde la hapo Makka, kulia mpaka jioni, karibu mwaka mzima. Nikisomesha kisa hiki kwenye darsa, kina mama wa hapa ambao waume zao wako Ghuba hawahitaji nifafanue.

Walipomwachilia alimpakata mwanawe akapanda ngamia peke yake. Pale Tan'im, nje kidogo ya Makka, akakutana na Uthman bin Talha, ambaye wakati huo hajasilimu, akamsindikiza safari ya zaidi ya kilomita 400. Wakifika kituoni anamlaza ngamia, anarudi nyuma mama ashuke, kisha yeye anakwenda kulala chini ya mti mwingine. Alipoviona vijiji vya Quba, karibu na Madina, akamwambia mumeo yuko hapo, akageuza njia akarudi Makka. Bi Ummu Salama alimsifu mtu huyo maisha yake yote.

Kuungana kwao hakukudumu. Abu Salama alijeruhiwa katika vita vya Uhud mwaka wa 3 Hijria. Kidonda kilifunga juu juu, kikafumuka, naye akafariki mwaka wa 4. Mtume (s.a.w.) ndiye aliyemfumba macho.

Kuhusu posa: Abu Bakr alileta, akakataa. Umar akaleta, akakataa. Hata ya Mtume hakuipokea kabla ya kusema lake: nina wivu, umri umekwenda, na nina watoto. Mtume akamjibu kuwa wivu Allah atamwondolea, umri hata yeye Mtume umekwenda, na watoto wa Bi Ummu Salama ni watoto wake pia. Ndipo akakubali kuolewa naye. Basi mwambie kaka yako awaambie wangoje. Kuikataa posa si kuikataa dua.

Wala kheri yake haikuishia kwenye ndoa. Hudaybiya, mwaka wa 6, baada ya mkataba na Makureshi wa Makka, Mtume aliwaambia Masahaba wachinje na wanyoe, hakuinuka hata mmoja kwa uchungu wa mkataba huo. Mtume akaingia hemani kwa mkewe huyu. Bi Ummu Salama akamshauri: toka, usiseme na mtu, chinja mnyama wako, mwite kinyozi wako. Alipofanya hivyo wote wakainuka. Na Hadithi 378 zimepokewa kutoka kwake. Mjane huyo huyo.

MwanaWaMakina:
Naongeza la watoto tu. Kila mtoto wa madrasa hapa Kibera anaijua Hadithi ya "taja jina la Mwenyezi Mungu, kula kwa mkono wa kulia, kula kilicho mbele yako." Aliyeambiwa ni Umar, mtoto wa Abu Salama, mkono ukizunguka sinia nzima. Yatima yule alilelewa nyumbani kwa Mtume. Mimi mama yangu aliolewa tena nikiwa na miaka saba, na baba aliyenilea ndiye aliyenifundisha hiyo Hadithi, tukiwa kwenye sinia moja. Baba mzazi bado namwombea kila Ijumaa, na huyu wa pili ndiye hunikumbusha.

MamaYusra:
Allah awalipe. Mwalimu, sikujua kwamba na yeye alisita. Shangazi hakunihadithia hapo, au labda nilikuwa nalia. Leo baada ya magharibi nimeisema mpaka mwisho, mara moja, kwa sauti ndogo. Darsa yako ni siku gani? Kama ni upande huu wa Pumwani nitakuja na Yusra.