Naombeni ushauri: tovuti yangu ya udalali wa nyumba, nichague muundo upi kabla fundi hajaiweka hewani?

dalali_mpole
Habari zenu wadau. Mimi ni dalali wa nyumba na viwanja, kazi naijua na wateja ninao ila wengi wanakuja kwa kuelekezwa na mtu, sasa nataka tovuti yangu mwenyewe ili mtu akinitafuta Google anione ni mtu wa maana. Kuna fundi ananitengenezea, ameniletea miundo miwili na nimekwama, usiku nawaza hiyo tu. Wa kwanza ukifungua kuna picha kubwa zinapishana zenyewe, vidio ya droni inaanza kucheza, rangi nyeusi na dhahabu, maandishi membamba ya kijivu. Wa pili ni mweupe tu, juu kisanduku cha kutafutia nyumba, chini nyumba zimepangwa na bei zake, basi. Mimi moyo unaenda kwa wa kwanza kwa sababu unaonyesha hadhi. Fundi anataka jibu haraka. Nichague upi, na rangi gani zinavuta wateja wa nyumba?

Kamba na Nyaya
Wa pili mkuu, tena usifikirie mara mbili. Anayetafuta nyumba anataka kujua iko wapi, bei gani, vyumba vingapi, na ipo au imeshachukuliwa. Hiyo vidio inamchelewesha kufika hapo na inamlia bando lake. Google wana vipimo vyao tangu 2020, kimojawapo kinataka kitu kikubwa zaidi kwenye ukurasa kiwe kimeonekana ndani ya sekunde 2.5, na wanaipima tovuti yako kwa sura yake ya kwenye simu, siyo ya kompyuta. Picha mwambie fundi azipunguze ukubwa na aziweke kwa WebP, aina ya faili la picha lililo jepesi. Na hayo maandishi ya kijivu juu ya nyeusi, mwongozo wa WCAG, ule wa kufanya tovuti zisomeke na kila mtu, unataka utofauti wa mwangaza wa angalau 4.5 kwa 1 kati ya maandishi ya kawaida na rangi ya nyuma yake, ya kwako sijayaona ila kwa maelezo hayo nina wasiwasi nayo, na mtu mzima mwenye hela ya kununua nyumba ndiye mara nyingi macho yameanza kuchoka.

Kichwa Kigumu
Nyeusi na dhahabu na droni juu, huyo mteja atadhani kafungua tovuti ya kuuza majeneza 😂😂

Mzee wa Funguo
Vijana mnagombania rangi. Mimi nimeuza nyumba kabla ya hizi intaneti na nimeendelea kuuza baada yake, na kinachoua dalali ni picha ya uongo. Kuna bwana alikuja na mkewe kutoka mbali kwa ajili ya sebule waliyoiona kwenye picha, ilikuwa imepigwa na lenzi pana ile inayovuta kuta, wakafika kochi lao haliingii. Yule mama hakusema neno, aliniangalia tu akageuka kurudi kwenye gari, na picha hata hazikuwa zangu, nilipewa na mwenye nyumba. Tangu hapo napiga mwenyewe, mchana, mapazia wazi, simu usawa wa kifua na kuta ziwe zimesimama wima, na jiko bovu naliweka hivyohivyo lilivyo. Watu wanakuja wachache ila wakija wananunua. Kijana, sema ukweli kwenye tovuti yako, mengine yatafuata.

Bi Veranda
Shikamoo Mzee wa Funguo, umenena. Mimi niongezee kwenye chapa maana naona watu wanadhani chapa ni logo. Rangi yoyote itafaa ukiishikilia miaka. RE/MAX, wale madalali wa nyumba wa Marekani, walianza 1973, lile puto lao lenye nyekundu, nyeupe na buluu liko mpaka leo na mtu akiliona hata bila maandishi anajua ni nyumba zinauzwa. Chagua rangi moja kuu na moja ya kusaidia, fonti mbili zisizidi, halafu ziwe hizohizo kwenye tovuti, kadi, bango la nje ya nyumba, mpaka picha yako ya WhatsApp. Na uso wako uwepo jamani! Siyo zile picha za watu wa kigeni wanapeana mikono wamevaa suti. Mtu anakukabidhi akiba ya maisha yake, anataka kujua anaongea na nani, unashughulika na maeneo gani, una leseni au usajili gani kama unakofanyia kazi unatakiwa.

Kitu kingine, usiweke alama ya kijani kwa nyumba iliyopo na nyekundu kwa iliyouzwa bila maneno. Wapo wanaume wengi tu wasiotofautisha hizo rangi mbili. Andika IPO, IMEUZWA.

dalali_mpole
Asanteni. Bi Veranda suala la uso nitaliangalia, kwa sasa nilipenda iwe ni jina la kampuni tu bila sura. Kwa hiyo wengi ni wa pili eeh? Mbona tovuti za madalali wakubwa zina vidio?

Kamba na Nyaya
Wakubwa jina lao linajulikana kabla mtu hajafungua. Wewe bado unajulishwa. Vidio iweke ndani ya ukurasa wa nyumba husika, mtu aibonyeze mwenyewe akitaka. Na kila nyumba ipewe namba yake, chini kitufe cha WhatsApp, kile kiunga cha wa.me kinaruhusu ujumbe uje umeshaandikwa, mteja akibonyeza unapata "naulizia nyumba namba fulani", huhangaiki kuuliza ni ipi.

Sasa swali. Domeini, yaani anwani ya tovuti yako, imesajiliwa kwa jina la nani?

dalali_mpole
Hayo ya kitaalamu fundi anashughulikia, mimi nilitaka tu ushauri wa muundo na rangi.

Kamba na Nyaya
Si ya kitaalamu, ni ya umiliki. Nani anaingia kwenye akaunti ya domeini, na barua pepe iliyosajiliwa pale ni ya nani?

dalali_mpole
Ni yake. Ni shemeji yangu huyo fundi, siwezi kuanza kumdai karatasi kama mtu baki. Alilipia yeye nikamrudishia, nusu ya kazi nimeshamlipa.

Nimepita Tu
Shemeji 🚶🏾 ngoja nikae nisome

Tofali Bichi
Kaka usichukulie poa. Dada yangu alifungua tovuti ya vyumba vya kupangisha, fundi alikuwa rafiki wa familia, wakaja kukosana kwa jambo lingine kabisa halihusiani na kazi, domeini ilipoisha muda jamaa hakuihuisha wala hakusema. Kadi zote, mabango yote, barua pepe zote zikaelekea pasipo na kitu. Dada alilia. Mpaka leo kwenye sherehe za familia hawakai meza moja.

Mzee wa Funguo
Shemeji ni shemeji na kazi ni kazi. Mwambie kwa upole, kama ana nia njema hatakasirika.

Bi Veranda
Mdogo wangu nikuulize bila kukuudhi. Umesema hutaki sura yako, unataka jina la kampuni tu. Hiyo kampuni ni yako? Imesajiliwa? Hizo nyumba utakazoziweka, wenyewe wamekuruhusu kwa maandishi?

dalali_mpole
Nyumba nazijua vizuri na wenyewe wananifahamu. Tusitoke kwenye mada tafadhali.

Bi Veranda
Hujajibu.

dalali_mpole
Sawa. Kwa sasa niko kwenye kampuni moja ya udalali, sijatoka bado, natarajia kutoka. Jina nililochagua linafanana na la kampuni, tofauti ni neno la mwisho tu, maana wateja wameshazoea hilo neno la kwanza. Na nyumba za kuanzia ni zile ninazozishughulikia pale. LAKINI kabla hamjanirukia, nyumba zile nilizitafuta mimi kwa miguu yangu, picha nilipiga mimi kwa simu yangu, mwenye nyumba ana namba yangu hana ya bosi. Jasho ni langu. Na logo imeshachorwa na kadi zimeshachapwa, siwezi kurudi nyuma leo.

Kichwa Kigumu
Aaaah kumbe sura inafichwa kwa sababu bosi naye ana intaneti

Kamba na Nyaya
Hii ndiyo ingekuwa mstari wa kwanza wa uzi mkuu, maana muundo wa kwanza na wa pili yote itaangukia hapa. Ngoja nikupe la jina. Domeini za .com zina utaratibu wa ICANN, shirika linalosimamia majina ya domeini duniani, wa kutatua migogoro ya majina, unaitwa UDRP, upo tangu 1999. Mwenye alama ya biashara akionyesha kwamba jina lako linafanana na lake kiasi cha kuchanganya watu, wewe huna haki halali nalo, na ulilisajili na kulitumia kwa nia mbaya, ananyang'anya domeini bila hata kwenda mahakamani. Yote matatu lazima ayathibitishe. Sasa wewe umeandika hapa kwa mkono wako kwamba umelichagua kwa sababu wateja wameshazoea neno lao. Hiyo sentensi ndiyo wakili wao angeilipia.

dalali_mpole
Neno lenyewe ni la kawaida tu, lipo kwenye kamusi, hawajalitunga wao. Na wapo wengine wanalitumia.

Tofali Bichi
Mimi niko upande wake kidogo. Haya makampuni yanamtuma mtu juani halafu jina linabaki la ofisi. Kama picha kapiga kwa simu yake ni zake.

Bi Veranda
Inategemea mkataba Tofali. Mahali pengi picha uliyopiga ukiwa kazini kwa ajili ya kazi inahesabika ya mwajiri, asome mkataba wake. Ila mimi kinachoniuma ni wenye nyumba. Mtu alisaini na kampuni, kesho anaona nyumba yake kwenye tovuti mbili kwa jina karibu moja, labda na bei mbili tofauti, atamwamini nani? Mnunuzi naye akiona hivyo anakimbia, anadhani ni utapeli. Halafu hizo picha za simu huwa zinahifadhi mahali zilipopigwa, zikipandishwa bila kusafishwa mtu anaweza kujua mlango wa mteja wako ulipo hata kama hukuandika anwani. Naomba sana mwambie fundi afute hizo taarifa kwenye kila picha, hilo usilipuuze.

Jicho la Tatu
Samahani wakuu, nimesoma kuanzia juu na huu uzi nauona umetungwa. Angalieni, kila jamaa akikwama Kamba na Nyaya anatokea na jibu limeshaiva, WebP mara WCAG mara UDRP. Huyu ni fundi tovuti na akaunti yake ya pili wanatafuta wateja. Na shemeji, na bosi, na kadi zimeshachapwa, hadithi imekamilika mno. Mods mnalala?

Nimepita Tu
Nilijua tu 😂 mimi hata ile vidio ya droni sikuiamini

Kamba na Nyaya
Jicho la Tatu onyesha mahali nimeweka namba yangu au jina la biashara yangu. Sijaweka. Haya mambo ninayaandika kwa sababu nayafanya kila siku na nimechoka kuona watu wanapoteza jina lao.

Jicho la Tatu
Hujaweka BADO.

dalali_mpole
Mimi sina akaunti mbili. Nikiweka jina la kampuni hapa kesho sina kazi, ndiyo maana nilikuwa nazungukazunguka. Kama hamuamini acheni, sijamwomba mtu hela.

Mzee wa Funguo
Iwe kweli iwe ya kutunga, nina wapwa watatu kwenye kazi hii na mmoja wao ninamshuku amefanya hivihivi. Nimemtumia uzi asome.

Udongo Mwekundu
Samahani kuingilia, na mimi ni dalali, tovuti ninayo. Nyumba ikishauzwa ule ukurasa wake nifute au niache? Nimekuwa nafuta halafu watu wanakuja kutoka Google wanakuta ukurasa haupo.

Kamba na Nyaya
Usifute. Andika IMEUZWA juu kabisa, ondoa kitufe cha kuulizia, chini weka nyumba nyingine za eneo hilo. Ukilazimika kuufuta basi uelekeze kwa 301, ile njia ya kumpeleka mtu moja kwa moja kutoka ukurasa wa zamani, kwenye ukurasa wa eneo. Kibaya zaidi ni kuacha nyumba iliyouzwa inaonekana ipo ili simu ziite, mteja akigundua harudi.

dalali_mpole
Nimemwandikia shemeji ahamishie domeini kwangu. Kaona, hajajibu. La jina bado nafikiria, logo ile naipenda.

Kamba na Nyaya
Akikubali msihangaike kuhama kampuni ya usajili sasa hivi, .com ikiwa mpya kwa kawaida inafungwa siku 60 kabla ya kuhamishika, aihamishie tu kwenye akaunti yako palepale na wewe ubadilishe barua pepe na nywila. Ila jina likibadilika domeini hiyo haina kazi tena, utasajili mpya, tena kwa mkono wako mwenyewe. Kwa hiyo amua jina kwanza ndipo umsumbue shemeji.

Bi Veranda
Na mkataba wa kazi usome leo, kile kipengele cha wateja baada ya kuondoka. Ukikwama ukiandike hapa bila majina tukusaidie.