Panzi wangu anakuwa wawili

MamaPanzi: Wakuu, naomba msaada. Napiga picha za jozi za wadudu bustanini, ya kushoto na ya kulia, ili nikizitazama pamoja nione kina. Kamera ni moja: napiga, naisogeza pembeni sentimita 6, napiga tena. Nimechagua 6 kwa sababu macho ya mtu yameachana karibu hivyo. Lakini panzi hawaungani, na macho yananiuma. Kosa liko wapi?

JichoPembeni: 6 ni nyingi mno, dada. Gawanya umbali wa lenzi hadi mdudu kwa 30. Akiwa sentimita 15, sogea milimita 5 tu. Fokasi, yaani ukali wa picha, iwe ya mkono, usiiguse kati ya picha ya kwanza na ya pili.

Kerengende: Na usiizungushe kamera, iteleze sambamba kwenye reli ndogo. Mimi nilianza na konokono nikidhani hana haraka. Akaniumbua! Mwili umetulia, pembe zimeshahama, jozi nzima bure. Siku hizi natoka alfajiri, wadudu wakiwa bado wamezizima kwa baridi. Mwenye umande mgongoni hatikisiki kirahisi.

MamaPanzi: Nimejaribu milimita 5 asubuhi hii. Ameungana! Ila mgongo umebonyea kama bakuli, na jani la nyuma limekuja mbele yake.

JichoPembeni: Umebadilisha kushoto na kulia. Zigeuze.

MamaPanzi: Loo! Papasi za panzi, zile nywele ndefu za kichwani, zimenijia hadi puani, nimerudi nyuma na kiti.