Mjadala: Mgonjwa wa utafiti wa saratani akipotea, tumhesabu hai au marehemu?

Mleta mada: Wadau, mgonjwa katoka Kigoma, kamaliza mionzi Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, karudi kwao, simu haipatikani tena. Kwenye uchambuzi anahesabiwa hadi siku ya mwisho alipoonekana, kisha anatolewa. Mimi nasema matokeo hayo yasiamue dawa ya umma mpaka hesabu irudiwe, waliopotea wote wakichukuliwa kuwa wamefariki.

Jedwali: Mkuu, hapo umevuka mpaka. Njia ya Kaplan na Meier (1958), ya kukadiria sehemu ya wagonjwa walio hai kadiri miezi inavyopita, haimtupi mtu ovyo. Chukua wagonjwa 10. Mwezi wa 3 anafariki mmoja: wamebaki 9/10, yaani 0.90. Mwezi wa 5 wanapotea watatu. Wa 6 anafariki mmoja kati ya 6 waliobaki: 0.90 × 5/6 = 0.75. Wa 8, mmoja kati ya 5: 0.75 × 4/5 = 0.60. Wale watatu ukiwaua kwenye karatasi mwezi ule wa 5, unapata 0.40. Ukiwaacha hai, 0.70. Wewe umechagua pembe moja tu ya chumba.

Daktari wa zamu: Jedwali, hesabu yako safi, ila 0.60 inasimama juu ya sharti moja: aliyepotea awe na hatari ya kufa sawa na ya aliyebaki kliniki. Wangapi wanaacha kuja kwa sababu wamezidiwa, ndugu wakaona nauli heri iwe ya sanda? Hapo mchoro wa walio hai unapendeza kuliko ukweli. Tena kama dawa mpya ndiyo inayowachosha, watapotea wengi upande mmoja, na hata ulinganisho unaharibika.

Mratibu wa takwimu: Kosa jingine halitajwi. Habari za msiba zinafika zenyewe. Habari za mzima hazina mleta. Marehemu anaandikwa kifo cha Machi, mzima amebaki na tarehe ya kliniki ya Novemba iliyotangulia, miezi yake ya uhai baada ya hapo haihesabiwi. Mchoro unaporomoka bila sababu. Dawa yake: kabla ya kufunga takwimu, wote watafutwe ndani ya wiki zilezile. Fomu ya kwanza iwe na namba tatu, moja ya ndugu asiyeishi na mgonjwa, pamoja na jina la mtendaji wa kijiji. Msitegemee vyeti vya RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, peke yake, misiba mingi ya vijijini haiandikishwi.

Jedwali: Nakubali. Na badala ya kuwaua wote, zidisha hatari ya kufa ya waliopotea mara 1.5, mara 2, mara 3, uone hitimisho linapinduka wapi. Likipinduka kwenye 1.5, dawa hiyo bado. Likihimili hadi 3, mbishi alete hoja nyingine. Idadi ya waliobaki iandikwe chini ya mchoro kila baada ya miezi 6. Mkia wa mchoro wenye watu wanne tu hausomwi.

Mleta mada: Basi nalegeza: hesabu ya Jedwali iwe lazima, ya kwangu iwe nyongeza. Ila mratibu, hizo wiki za kupiga simu mikoani, vocha inakaa kwenye bajeti ya nani?